Jinsi ya Kuipigia Chabo Hati ya Bima ya Safari

Hutaisoma. Tukubaliane hapo kwanza, tusipotezeane muda. Bima ulikata kwa sababu ubalozi uliitaka. Wakala akakutumia hati kwa WhatsApp, ukaifungua, ukakuta herufi ndogo kurasa kwa kurasa, ukahakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, ukaifunga. Kisha ukachapisha ukurasa wa kwanza tu, ule wenye muhuri, ukaupeleka dirisha la viza. Ndivyo wafanyavyo wengi, wenye shahada na wasio nayo, na leo sikuja kukubadilisha tabia.

Nimekuja kukufundisha kuibia. Mwanafunzi mjanja hamezi kitabu kizima usiku wa kuamkia mtihani. Anajua maswali hutoka sura zipi, anapiga chabo hapo, analala. Hati ya bima ina sehemu nne zinazoamua kama utalipwa: jedwali la mafao, maana ya maneno, orodha ya yasiyolipwa, na utaratibu wa kudai. Zilizobaki ziruke bila kujisikia vibaya. Nusu saa inakutosha, na ukifika uwanja wa ndege utaongea kama mtu aliyeikariri yote.

Hatua ya 1: Anzia nyuma

Kurasa za mbele ziliandikwa na watu wa mauzo. Za nyuma ziliandikwa na wanasheria, na siku ukidai, wanaokujibu ni hao wa nyuma. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa. Usiisome kwa mpangilio. Tafuta mambo yako wewe, kwa sababu unajijua.

Unapenda bia? Tafuta neno pombe. Hati nyingi hukataa madai ya ajali iliyotokana na ulevi, na hospitali ikikupima damu, kiwango kinaandikwa kwenye ripoti hata kama ulimwambia daktari ulikunywa soda. Utakodi pikipiki ukifika ufukweni? Tafuta leseni na kofia ngumu. Una mimba? Tafuta wiki ya ngapi bima inakoma. Unakwenda kufanya kibarua cha ujenzi kwa miezi mitatu huku kwenye fomu umeandika utalii? Tafuta kazi za mikono, halafu mpigie wakala kabla hujaondoka, siyo baada ya kuanguka kwenye jukwaa.

Hapa utamaliza dakika kumi. Ndizo zenye thamani kuliko zote.

Hatua ya 2: Kwenye jedwali, tazama namba mbili kila mstari

Macho yako yatakimbilia namba kubwa. Ile ya matibabu, euro 30,000, inapendeza kuitazama. Kanuni ya viza za Schengen ya mwaka 2009 ndiyo iliyoiweka kuwa kiwango cha chini: bima itumike katika nchi zote za Schengen, kwa muda wote wa kukaa kwako huko, na igharimie matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Basi. Kanuni hiyo haigusi sanduku lako, simu yako wala tiketi yako. Ndiyo maana bima ya bei ya chini kabisa, ile inayouzwa kwa ajili ya kupata viza tu, inaweza kumridhisha ofisa wa ubalozi na bado isikulipe hata senti mzigo ukipotea. Uliomba bima ya viza, ukauziwa bima ya viza. Kama unataka na ya safari, sema.

Sasa zile namba mbili. Ya kwanza ni kikomo, yaani fedha ya juu kabisa watakayolipa. Ya pili ni kiasi unachobeba mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa. Mawakala wengi huiita ekses. Kikomo cha mizigo kinaweza kuwa dola 1,000, na chini yake kukawa na kikomo kingine cha kitu kimoja kimoja. Tuseme simu yako ni ya dola 900, kikomo cha kitu kimoja ni 300, na ekses ni 75. Utapata 225. Na hapo bado hawajapunguza uchakavu, kwa sababu hati nyingi hulipa thamani ya kitu kama kilivyo leo, siyo bei uliyonunulia dukani miaka miwili iliyopita.

Njia ya mkato: usikatie bima simu uliyonayo mkononi. Tumia fedha hiyo kupandisha kikomo cha matibabu. Simu mpya unaweza kukopa. Wiki tatu za chumba cha wagonjwa mahututi Ulaya au Marekani hutazikopa popote.

Hatua ya 3: Kurasa za maana ya maneno, kaa hapo kidogo

Kila neno lililokolezwa wino ndani ya hati lina maana waliyoipa wao, na hiyo ndiyo itakayotumika. Msafiri wa kwetu hujikwaa sana kwenye neno moja: jamaa wa karibu.

Bima hukuruhusu kufuta safari au kurudi mapema jamaa wa karibu akifariki au akiugua sana. Vizuri. Sasa tazama orodha. Mara nyingi utakuta mke au mume, mtoto, baba, mama, ndugu wa kuzaliwa, wakwe, pengine babu na bibi. Mama mdogo aliyekulea tangu una miaka minne hayumo. Baba mkubwa aliyekulipia ada hadi chuo hayumo. Binamu mliyelala kitanda kimoja hayumo. Ukikatisha safari ukapanda ndege kwenda kumzika mama mdogo, tiketi ni yako.

Linaniuma hili, na silioni kuwa dogo. Orodha hizo zimebeba familia ya watu wengine, tunauziwa sisi, na sisi tunatia saini. Fanya hivi: kabla ya kulipa, mwandikie wakala ujumbe mfupi ukitaja kwa jina watu wawili au watatu ambao kufa kwao kutakurudisha nyumbani, uulize kama wamo. Jibu likija kwa maandishi, litunze. Kampuni inaweza kukubali kumwongeza mlezi aliyekulea, au isikubali. Angalau utajua kabla hujapanda ndege.

Chungulia pia safari inaanza lini. Katika hati moja inaanza ukitoka mlangoni kwako, katika nyingine ukivuka mpaka. Kama unatoka Mbeya kwa basi kwenda kupandia ndege Dar es Salaam, hiyo ni siku nzima barabarani. Jua imo au haimo.

Hatua ya 4: Kuhusu afya yako, usijitie ujana

Najua fomu ilipokuuliza kama una ugonjwa wowote ulijibu nini. Ulijibu hapana. Presha yenyewe kidogo tu, dawa unameza asubuhi, sukari imetulia, na hutaki kijana wa dirishani akuone mgonjwa. Nakuelewa. Kila mtu ni mzima anapojaza fomu.

Lakini hapa ndipo madai mengi hufia. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima ni sehemu ambayo kampuni ina haki ya kuchimba, na ukilazwa kwa kiharusi ughaibuni, jambo la kwanza watakaloomba ni kumbukumbu zako za hospitali ya nyumbani. Cheti cha dawa za presha cha mwaka juzi kitapatikana. Kitatosha kuwapa sababu ya kukataa bili nzima.

Msingi wa jambo hili ni mkongwe. Mwaka 1766 huko Uingereza, jaji Lord Mansfield alitoa hukumu katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Fort Marlborough kule Sumatra, na alikatiwa bima dhidi ya ngome hiyo kutekwa na adui wa kutoka Ulaya. Wafaransa wakaiteka, mtoa bima akagoma kulipa akidai alifichwa udhaifu wa ngome. Mansfield akasema mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu wa pande zote mbili, kwa kuwa anayekata bima ndiye anayejua yaliyofichika. Kisha akampa ushindi Carter, kwa sababu aliyodaiwa kuficha yalikuwa mambo ambayo mtoa bima angeweza kuyajua mwenyewe. Kanuni hiyo ilisafiri na sheria ya Kiingereza hadi Nairobi na Dar es Salaam, na bado inakaa chini ya saini yako.

Kwa hiyo ibia hivi: taja kila kitu. Presha, sukari, pumu, operesheni ya goti, andika zote, taja na dawa. Ukishataja, mzigo wa kuamua unahamia kwao. Watakupandishia bei, au watautoa ugonjwa huo kwenye bima, au watakukubali hivyohivyo. Lolote wakiamua, hawataweza tena kukuambia uliwaficha. Piga picha fomu uliyojaza. Na kama wakala ndiye aliyekujazia, akikuambia “hapa tuandike hapana tu, bosi, isitusumbue”, mnyang'anye kalamu kwa upole. Yeye anawaza kamisheni. Saini ni yako.

Hatua ya 5: Piga simu kabla ya kutibiwa

Kwenye kadi yako ya bima kuna namba inayopokelewa saa 24. Iingize kwenye simu sasa hivi. Mpe na mtu unayesafiri naye, kwa sababu ukizimia hutaikumbuka wewe.

Hati nyingi zinataka kampuni ijulishwe kabla hujalazwa, au mapema iwezekanavyo kama ni dharura ya kufa na kupona. Ukijilaza mwenyewe hospitali ya kifahari halafu ukapeleka risiti, unaweza kulipwa sehemu tu. Ukipiga simu, wao ndio wanaozungumza na hospitali kuhusu malipo, nawe unaugua bila kufungua pochi.

Kuhamishwa kwa sababu za kitabibu nako kuna masharti yake. Daktari wao, akishauriana na anayekutibu, ndiye anayeamua uhamishwe au usihamishwe, na kwa kawaida unapelekwa hospitali ya karibu inayoweza kukutibu. Hupelekwi unakotaka. Hapa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kupitia ndege za AMREF Flying Doctors zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi; AMREF yenyewe ilianzishwa mwaka 1957. Ukiisoma hati, tafuta kama gharama ya kuhamishwa ina kikomo chake peke yake au imo ndani ya kikomo cha matibabu. Ikiwa imo ndani, ndege moja inaweza kula nusu ya fedha zako kabla hujafika wodini.

Na sasa mlima. Tuseme una binamu wa Minneapolis anayekuja Desemba kupanda Kilimanjaro apate picha pale Uhuru Peak. Picha hiyo ni ya mita 5,895. Mwombe akutumie hati yake, tafuta neno mita. Hati nyingi za kawaida zina kikomo cha urefu wa kupanda. Mita 3,000, 4,000 au 4,500 utazikuta mara kwa mara. Kwa njia ya Marangu, kambi ya Horombo iko mita 3,720 na Kibo iko kama mita 4,700. Mwenye kikomo cha 4,000 analala Horombo akiwa na bima, halafu kesho yake, katikati ya njia ya kwenda Kibo, anaendelea kupanda bila bima, na huko juu ndiko ugonjwa wa mwinuko unakokuwa mkali na helikopta kuhitajika. Aongeze malipo ya kupanda mlima hadi mita 6,000. Ni ujumbe mmoja tu kwa kampuni yake.

Na akisema atapitia Zanzibar, mwambie kuanzia 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia visiwani anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Hiyo ni kwa ajili ya Zanzibar. Asije akapanda nayo mlima.

Hatua ya 6: Kifungu ambacho hakuna anayetaka kukitazama

Kitazame. Kinaitwa kurejesha mwili.

Umewahi kuwekwa kwenye kundi la michango. Mtu wetu amefariki Muscat, au Birmingham, au Texas, na mwili haurudi mpaka fedha itimie. Watu wanatuma elfu kumi kumi, orodha inapandishwa upya kila jioni, mweka hazina anabembeleza. Nimeona familia zikisubiri hivyo hadi zinaishiwa machozi kabla ya mazishi. Wengi kati ya hao marehemu walikuwa wahamiaji wa muda mrefu, na bima ya safari isingewahusu. Lakini wengine walikuwa wageni wa wiki sita: mama aliyekwenda kumwogesha mjukuu, mzee aliyekwenda kumwona mwanawe. Kwa hao kifungu hiki kipo kwenye hati nyingi, na mara nyingi hulipia hadi jeneza na makaratasi ya ubalozi.

Angalia mambo mawili tu. Kikomo chake ni kiasi gani, na je, wanalipia kuuleta mwili nyumbani au wanakupa uchaguzi wa kuzikwa hukohuko kwa gharama ndogo. Halafu, tafadhali, mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba bima ipo na hati iko wapi. Bima isiyojulikana na yeyote siku hiyo haiwezi kudaiwa, na kundi la WhatsApp litafunguliwa bure. Ukimkatia mama tiketi, ukurasa huu usome neno kwa neno. Ndio ukurasa pekee ninaokukataza kuuibia.

Hatua ya 7: Kufuta, kukatisha na majivu

Kufuta ni kabla hujaondoka. Kukatisha ni ukiwa umeshafika. Vyote viwili vinalipwa kwa sababu zilizoorodheshwa tu, na kubadili mawazo hakumo. Kunyimwa viza nako mara nyingi hakumo, ingawa baadhi ya kampuni hurudisha fedha ya bima yenyewe ukipeleka barua ya kukataliwa.

Maneno ya kutafuta: tukio linalojulikana. Ukikata bima baada ya kimbunga kutangazwa au mgomo kuitishwa, umechelewa kwa tukio hilo. Kwa hiyo kata bima siku ileile unaponunua tiketi. Bei mara nyingi ni ileile, na kinga ya kufuta safari kwa kawaida huanza siku hiyo.

Mwezi Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ilirusha majivu, anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa karibu wiki nzima, na maua ya Kenya yakaharibika Nairobi yakisubiri ndege. Abiria waliokwama walipodai, baadhi ya kampuni za Uingereza zilijibu kwamba hati zao zinalipia hali mbaya ya hewa, na majivu hayamo. Tangu wakati huo hati nyingi zimeyataja majivu, ama kuyalipia ama kuyakataa. Yatafute. Hata kama huendi Iceland, njia ya ndege yako huijui.

Hatua ya 8: Mzigo unadaiwa kabla hujatoka uwanjani

Sanduku halikutokea? Unataka kuondoka haraka, wenyeji wanakusubiri nje, hutaki kuonekana mlalamishi. Waache wasubiri. Nenda kaunta ya mizigo, jaza fomu, ondoka na namba. Bila karatasi hiyo, shirika la ndege na kampuni ya bima watakurushiana.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kama sanduku limeharibika, na siku 21 tangu ulipopewa kama lilichelewa. Likipita siku 21 bila kuonekana, unaweza kudai kuwa limepotea. Tangu 28 Desemba 2024, kikomo cha shirika la ndege ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha IMF, na moja yake huzidi dola moja. Dai huko kwanza. Bima hufuata kwa kilichobaki.

Ukiibiwa, polisi kabla ya saa 24 kupita. Tanzania utarudi na namba ya RB, Kenya utarudi na namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako polisi, kwingine karatasi yao. Na begi uliloliacha kwenye kiti ukaenda msalani, hati inaliita mzigo usio na mwangalizi, na haulipwi.

Hatua ya 9: Wakikataa

Wakikataa kwa simu, waombe waandike. Wakiandika bila kutaja namba ya kifungu, rudisha barua, uombe namba. Ukiipata, fungua hati yako kwenye kifungu hicho na usome sentensi zote, kwa sababu mara nyingine sababu yao iko kwenye sentensi ya kwanza na haki yako iko kwenye ya pili. Wajibu kwa maandishi, ambatisha ile picha ya fomu, yale majibu ya wakala, karatasi ya mizigo au ya polisi. Wakishikilia palepale, kwa bima uliyokata Tanzania peleka faili hilo TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa ya Kenya, lipeleke IRA, mamlaka ya bima ya huko. Huhitaji wakili kuwasilisha malalamiko. Panga karatasi kwa tarehe, ya zamani juu, na ubaki na nakala.